Kupakua klipu za watu na kuzirusha kwako: wizi au matangazo ya bure?

Fundi Klipu
Wakuu, nauliza kwa uchungu. Unaandika komedi, unaazima kamera, unashuti juani siku nzima. Jioni mwenye ukurasa wa udaku anaipakua, anakata jina lako, anairusha kwake. Yeye anavuna maelfu, wewe hata hela ya bando hairudi. Ukimfuata anakujibu "nimekutangaza". Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ipo. Huu si wizi?

Mkulima wa Bando
Jina limekatwa kwa sababu uliliweka pembeni. Libandike katikati ya uso. Halafu tuache unafiki, nani hapa hakopi? Kili Paul, yule Mtanzania wa TikTok, alichezesha midomo tu kwenye nyimbo za Kihindi, 2022 Waziri Mkuu wa India, Modi mwenyewe, akamtaja. Na hiyo taarabu ya Mombasa wanayoringia, nusu yake ni sinema za Bombay zilizovishwa Kiswahili.

Binti Kibokoni
Nilikuwa napita, sasa nimeketi. Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, Mungu amrehemu, alichukua mahadhi ya Kihindi mchana kweupe, na sinema zenyewe watu walizitazama. Nani alidanganywa? Kazi ilikuwa kwenye maneno. Wewe huwezi kutunga hata ubeti mmoja.

Kijana wa Darajani
Dada, shusha presha. Ukitaka asili njoo Unguja. Kikundi chetu cha taarabu, Ikhwani Safaa, kipo tangu 1905.

Mkulima wa Bando
Asili gani? Si Sultan Barghash wenu wa Zanzibar huyo wanayesema alimtuma mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi? Nyie mlikopi Cairo, wenzenu Bombay. Tofauti ni nauli.

Kijana wa Darajani
Alitumwa kujifunza, hakutumwa kupakua. Mwimbaji wetu wa taarabu, Siti binti Saad, alikwenda Bombay 1928, akarekodi Kiswahili chake. Acha kuchanganya mafaili.

Mwalimu Mstaafu
Mashairi mengine Bhalo alitungiwa na binamu yake, Ahmad Nassir, na mtunzi anajulikana. Hata kwa Kili Paul, hakuna anayedhani sauti ile ni yake. Mleta mada analalamikia jina kufutwa, hilo hamjaligusa.

Mkulima wa Bando
Mwalimu, miaka yote ulitunakilisha ubaoni, leo kunakili ni dhambi?

Fundi Klipu
Asante mwalimu. Jamani, kuna aliyewahi kushtaki akafanikiwa?

Mpita Njia
YouTube jaza fomu ya hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli yake hatarini kufungwa. Ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, sahau.

Binti Kibokoni
Mie namngoja Mkulima na ubeti wake.

Mkulima wa Bando
Haya, bibie:
*Dada wa huko Kibokoni, hasira zako punguza*
*Klipu si nyumba ya mtu, ukipita waicheza*

Binti Kibokoni
Hahaha! Kipande cha kwanza mizani tisa, kina cha kati kimekufa kabla ya mstari wa pili. Na huyu ndiye anayemhukumu Bhalo!

Mkulima wa Bando
Mbovu, lakini nimetunga mwenyewe. Na mizani ni nane, hesabu vizuri.

Kijana wa Darajani
Nimehesabu mpaka vidole vya miguu. Tisa. Ila dada, nanyi Mombasa mlianza lini kutusahihishia taarabu?