Tupeane uzoefu: unafanyaje Krismasi isimezwe na hela ya korosho?

Mama Watatu, Masasi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wa Kusini.

Mwaka juzi malipo ya mnada yaliingia katikati ya Desemba, na mnajua kwetu hela ya korosho ikiingia: ndiyo mabati, ndiyo madeni, ndiyo sikukuu. Nikanunua vitambaa vya gauni, nikampelekea fundi tarehe 18. Hadi tarehe 24 usiku hazijaisha. Asubuhi ya Krismasi nikamtuma binti mkubwa akazisubiri barazani kwa fundi, mimi huku nimeshawaogesha wadogo, wamekaa mkekani wamejifunga kanga. Kengele ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Nikasema hawaendi na nguo za zamani, watu watasemaje?

Gauni zilifika saa tano, watu wakiwa wanarudi kutoka kanisani. Mabinti walipendeza kweli. Lakini nyumbani kwangu siku ile hakuna aliyesikia kwamba Mwokozi amezaliwa. Jioni nikafungua Luka 2, nikafika pale Mariamu anapomvika mtoto nguo za kitoto na kumlaza horini, nikashindwa kuendelea. Yeye alilala kwenye hori la ng'ombe, mimi nimewazuia wanangu kwenda kumwona kwa sababu ya gauni.

Sasa hela ya kitambaa naitenga tangu mauzo ya ufuta, mwezi wa saba, na fundi anapata kazi kabla Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi, hayajaanza. Zisipoisha, tunakwenda na zilizopo. Mkesha watoto wanapokezana kusoma Luka, hata yule mdogo anayesoma kwa kuunganisha silabi. Tunamsubiri amalize.

Ninyi mnafanyaje? Naomba yaliyowatokea wenyewe, mahubiri tutayapata kanisani.

Mkulima wa Newala

Tumsifu Yesu Kristo. Pole, dada. Kwangu ilikuwa pombe. Msimu wa korosho ni msimu wa mabibo, na mabibo, tunda la mkorosho, ndiyo pombe zetu za uraka na nipa, kwa hiyo Noeli ilikuwa inanikuta nimeshachoka kunywa. Nilikuwa nakesha kweli, ila si kanisani.

Mwaka mmoja binti yangu alichaguliwa kubeba sanamu ya Mtoto Yesu kwenda kuilaza pangoni, misa ya usiku. Akaniambia, "Baba, uje ukiwa mzima." Nikaenda. Dominika za Majilio Wakatoliki hatuimbi ule wimbo wa "Utukufu". Usiku ule padre akaanzisha, kengele zote zikapigwa kwa pamoja, ngoma, akina mama vigelegele, na mwanangu anapita katikati na kile kisanamu kifuani. Nililia, mtu mzima na ndevu zangu. Tangu hapo Majilio yakianza glasi naiweka chini, na hela ya mnada anaishika mke wangu. Haijawa rahisi, mwaka wa pili niliteleza.

Mwanakwaya, Masasi

Sisi wa huku tuna sababu nyingine ya kuishika siku hii. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, Unguja, liliwekwa siku ya Krismasi 1873, palepale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Kianglikana akaja Masasi na watu waliokombolewa utumwani, wakaanza makazi yao hapa.

Babu alikuwa anatusimulia haya kila tarehe 25, sufuria bado limefunikwa. Kisha anauliza, "Nani leo yuko mbali na kwao?" Hatukuli mpaka apatikane. Nami naendelea hivyohivyo. Mwaka jana walikuwa vijana wawili kutoka ng'ambo ya Ruvuma, waliokuja kupalilia. Mmoja aliomba akiombee chakula kwa Kimakua, na mama yangu akaitikia kwa Kimakua.

Jirani, Mikindani

Mnisamehe kuingia, mimi ni Muislamu. Idi sinia linatoka kwangu, Krismasi linatoka kwa jirani yangu. Watoto wangu wakienda kula, yule mzee anawakalisha na kuwaeleza alivyozaliwa Yesu kwa Injili yao. Wakirudi nawasomea Surat Maryam, Bibi Maryam na uchungu wake chini ya mtende. Maswali yao hayaishi usiku ule.

Mwaka mmoja kijana wa pale alileta spika na kreti za bia. Wanangu niliwarudisha mlangoni. Niliona huruma zaidi kuliko hasira, maana ningewaambia nini wanangu kuhusu sikukuu ile, kwamba ni ya nani?

Nesi, Lindi

Zamu ya tarehe 25 imeniangukia mara tatu, wodi ya wazazi. Nilinung'unika mpaka nikakumbuka kuwa Noeli ina siku nyingi. Sasa tarehe 28, siku ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, ninakwenda na mwanangu kumpelekea sabuni na kanga mama aliyejifungua bila ndugu wa kumletea uji.

Mama Watatu, Masasi

Nimesoma yote, nimemsomea na mume wangu. Swali la babu tutaliuliza mwaka huu. Kaka wa Newala, kuteleza si kuanguka, tunakuombea kwa kweli.

Jirani wa Mikindani, ukipata safari ya Masasi Desemba, njoo na watoto. Bia hakuna. Chakula ni saa saba, tukitoka kanisani.