Mdogo wangu anajaza fomu ya kibali cha usalama Marekani, anataka nifiche mirungi

Kaka Mkubwa, Sakina
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu aliondoka Arusha akiwa mtoto, akapata uraia wa Marekani, na sasa yuko jeshi la majini. Kazi aliyopangiwa inadai kibali cha kuona nyaraka za siri. Desemba 2021, kabla hajawaza jeshi, alikuja kula Krismasi nyumbani. Tulikaa kibarazani kwangu tukala mirungi. Nakumbuka bunda lilifungwa kwenye jani la mgomba, bichi kabisa, naye anakunja uso kwa uchungu, anashushia karanga na soda. Aliyenunua ni mimi. Juzi kanipigia: "Kaka, najaza Hapana. Mtu akikuuliza, hujui kitu." Tangu siku hiyo silali vizuri. Akisema kweli, kazi ndiyo basi?

Konda wa Namanga
Mirungi Kenya inauzwa mchana kweupe. Aseme alikula ng'ambo ya mpaka, yaishe.

Kaka Mkubwa, Sakina
Ndugu yangu, tulikuwa Sakina, na huku ni dawa ya kulevya kwa sheria ya 2015. Siwezi kumpa uongo mwingine.

Mama Neema, Pasua Moshi
Mwanangu, ngoja nikwambie yaliyonikuta. Kijana wangu wa kwanza aliomba kazi ya ulinzi hapa hapa nchini, ofisi siitaji. Kwenye fomu akaandika hajawahi kuvuta bangi. Wapekuzi wakaja mtaani kimya kimya, wakaanza kwa balozi, wakapita gengeni, wakafika hadi kwa mwalimu wake wa nidhamu. Pasua nzima ilijua alivuta kidato cha tatu akaacha. Hakuna aliyemchongea, watu walijibu walichoulizwa. Alipoitwa, yule bwana aliweka kalamu kwenye mstari ule mmoja: "Hapa uliandika wewe?" Habari ya bangi yenyewe hakuigusa. Jina halikurudi. Bangi ya shuleni ningemtetea mimi mwenyewe mbele yao. Kwa ule mstari sikuwa na la kusema, na mpaka leo unaniuma.

Mmachame wa Minnesota
Shikamoo mama, pole sana. Kaka, fomu hiyo ni SF-86, nami niliijaza. Swali linarudi nyuma miaka 7, kwa hiyo Krismasi ile imo. Na huku mirungi haichukuliwi kama majani ya kienyeji: kathinoni, kemikali iliyomo, iko Daraja la 1, kundi la dawa zinazobanwa zaidi, pamoja na heroini. Lakini kipengele hicho hicho kinaeleza kwamba jibu la kweli halitatumika kama ushahidi wa kukushtaki. Kudanganya ndiko kwenye kesi, kifungo hadi miaka 5. Wanapima ulitumia mara ngapi, mwisho lini, umeacha au bado. Mimi niliandika bangi ya chuo, mara nne, na mwezi wa mwisho. Mpekuzi aliniuliza kidogo, akaandika, akahamia habari za madeni. Mwambie asiandike "nilionja tu". Aandike tarehe, mahali na mara ngapi.

Kaka Mkubwa, Sakina
Shikamoo mama, asante. Nimempigia alfajiri, kwake usiku. Nimemsomea maneno yako yote. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Kaka, ilikuwa siku moja au mbili?" Nikamwambia mbili, tarehe 27 na mkesha wa mwaka mpya, na jina langu aliweke.