Kwanini aliyenyanyaswa utotoni akisema leo anaulizwa "mbona hukusema mapema"?

MamaZuu
Habari zenu wakuu. Mi naishi Leeds, Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee. Juzi kazini kulizuka mjadala kuhusu Jimmy Savile, yule mtangazaji wa BBC aliyefariki 2011 na baadaye ikajulikana alinyanyasa watoto kingono, maana huu mji ndo kwao, walimzika kama mfalme watu wakapanga foleni kuliaga jeneza. Mmoja wa wenzangu akasema mtu ameshakufa hawezi kujitetea, mbona hawakusema akiwa hai, wanatafuta hela tu. Kilichoniuma ni kwamba maneno hayohayo nimeyasikia kwetu Tanga, binti akisema alifanyiwa jambo na mtu mwenye cheo ndugu wanauliza alikuwa wapi miaka yote. Wanaoijua hii kesi naomba mnisaidie, kweli hawakusema? Na kwanini watu wazima na akili zao wanakimbilia kumtetea mkubwa kabla hawajasikiliza?

Ngamiani_Kati
Dada yangu walisema, tena walisema mapema kabisa. Baada ya ile dokumentari ya ITV ya Oktoba 2012 wakaguzi wa polisi walipekua mafaili wakatoa ripoti 2013, humo kuna mwanaume alikwenda kuripoti Cheshire mwaka 1963 kwamba Savile kambaka, askari akamwambia asahau tu aendelee na maisha. Mwingine alikwenda kituoni London kusema mpenzi wake kashikwashikwa kwenye kurekodi kipindi cha muziki cha BBC, Top of the Pops, akaambiwa angalia, kwa maneno haya unaweza kukamatwa wewe. 1963! Sasa mapema ipi tena wanayoitaka?

Halafu kuna la Surrey, jirani na London. Polisi wa kule walikuwa na wanawake waliosema mambo aliyowafanyia Savile tangu miaka ya 70, lakini kila mmoja alihojiwa peke yake na hakuna aliyeambiwa kuwa ana wenzake, kwa hiyo kila mtu akajiona yuko mwenyewe dhidi ya mtu anayependwa na nchi nzima, wakaogopa kusimama mahakamani. Savile akahojiwa Oktoba 2009, na unajua walimhojia wapi? Ofisini kwake mwenyewe, hospitali ya Stoke Mandeville. Faili likafungwa. Baadaye wakili aliyelipitia upya akaona kwamba wangejua wako wengi huenda wangekubali, na Keir Starmer ambaye ndo alikuwa mkuu wa waendesha mashtaka akaomba radhi. Savile keshazikwa.

SisterTumaini
Mi ni nesi na sehemu ya hospitali ndo inanikosesha usingizi. Huyu mtu alikuwa anajitolea kusukuma wagonjwa pale hospitali ya Leeds General Infirmary, Stoke Mandeville alichangisha mamilioni ya pauni akapewa mpaka chumba cha kuishi, Broadmoor ambako wanawekwa wagonjwa wa akili waliofanya makosa alikuwa na funguo zake. Nani atamgusa mtu aliyejenga wodi? Mgonjwa mmoja aliyelazwa hospitali akiwa mtoto alisimulia kwamba nesi alimwambia Savile akipita bora ajifanye amelala. Yaani watu wazima wenye sare walijua, na ulinzi waliompa mtoto ni kufumba macho. Uchunguzi wa Leeds wa 2014 ulikuta watu 60, wa miaka 5 mpaka 75. Stoke Mandeville walikuta malalamiko 10 yaliyotolewa enzi zake na hakuna lililomfikisha popote. Kwahiyo MamaZuu, mwambie mwenzako watu walisema, ila waliowasikia walikuwa wanahesabu msaada utapotea.

Chifu_wa_Pongwe
Naheshimu michango yenu ila tusisahau upande wa pili. Huko huko Uingereza Carl Beech alidai kuna genge la wakubwa wakiwemo wanasiasa waliobaka na kuua watoto, mkubwa mmoja wa polisi akasimama mbele ya waandishi wa habari 2014 akasema maelezo yake ni ya kweli, nyumba ya Lord Bramall, mzee wa miaka 90 na ushee aliyepigana vita vya pili, ikapekuliwa. Yote uongo. Beech akafungwa miaka 18 mwaka 2019. Lord Brittan, aliyewahi kuwa waziri na ambaye naye alisingiziwa na Beech, alikufa kabla hajasafishwa jina. Jina la mtu likishachafuka hakuna wa kulisafisha.

Ngamiani_Kati
Chifu hilo la Beech ni kweli na waliosingiziwa waliumia sana, sina ubishi. Lakini angalia alikamatikaje, polisi wengine walichimba kompyuta yake, wakakagua kila alichosema, uongo ukaonekana. Ndo kazi yenyewe hiyo. Mwaka 1963 hawakuchunguza wakamfukuza mtu, 2014 wakatangaza kabla ya kuchunguza. Mimi sitaki mtu aaminiwe kwa machozi yake, nataka aandikiwe maelezo na yafuatiliwe hata kama anayetajwa ana cheo cha heshima cha Sir mbele ya jina kama Savile.

Wanjiru_Nax
Si lazima mwende mbali, hapa kwetu Gilgil, Kenya, kulikuwa na Muingereza Simon Harris, alikuwa na shirika la kusaidia, akawa anachukua vijana wa mtaani kwa chakula, nguo na pesa kidogo. Hao ndio watoto ambao hata wangepiga kelele nani angewasikia, watu huwaita chokoraa wakapita. Alishtakiwa kwao Birmingham maana sheria yao inaruhusu kumshtaki raia wao kwa unyama aliofanyia watoto nje ya nchi, 2015 akapewa miaka 17 na zaidi. Makosa mengine yalikuwa ya miaka ya 90 jameni. Kwa hivyo hiyo ya kusema imepitwa na wakati haina maana, kwa makosa kama hayo sheria ya kule haiweki mwisho.

MamaZuu
Asanteni sana, mmenifungua. Niseme tu ukweli, nauliza pia kwa sababu ya mtoto wa dada yangu, sasa hivi ni mtu mzima na ameanza kusema ya alipokuwa darasa la tano, mtu mwenyewe bado yupo, anaheshimika na bado anafundisha watoto majumbani. Dada kachanganyikiwa. Waanzie wapi?

SisterTumaini
Pole sana mama. Waende polisi dawati la jinsia na watoto, na kwa hao watoto anaowafundisha sasa wapige 116, ni bure, wataunganishwa na ustawi wa jamii. Asiende peke yake, dada yako amsindikize. Waandike tarehe na majina ya wote aliowahi kuwaambia hata kama ni rafiki wa shule, hao ni mashahidi. Halafu msianze na kikao cha ukoo, wazee wakikaa kwanza litamalizwa kifamilia na huyo mtu ataendelea kufundisha kesho asubuhi.