Ushauri: Nataka kuvalisha GT86 rimu za 17x9 kwa ajili ya traki (uwanja wa mbio), ofseti inanichanganya

kona_ya_tatu (mleta mada)
Wakuu habari za humu. Nina Toyota GT86, bado ina rimu zake za kiwandani 17x7 (kipenyo inchi 17, upana inchi 7) ofseti 48 na tairi 215/45R17. Nimeshaenda traki mara nne sasa na kila nikiingia kona ndefu pua inasukuma nje, mbele haishiki kabisa, matairi ya mbele yameisha mabega yote ya nje huku katikati yana nyama. Sasa kuna jamaa anauza rimu 17x9 ofseti 35, matundu 5x100 (matundu matano ya nati kwenye duara la mili 100), anasema zinaingia tu bila shida na zikisugua nikunje mdomo wa fenda. Nilikuwa nafikiria nizivalishe 255/40. Gari ya barabarani hiyohiyo, sina gari ya pili. Je nichukue au nitajuta? Na kama kuna aliyefanya kwenye gari kama hii aniambie alikutana na nini. Naomba kuwasilisha.

Spana14
Chukua mkuu, upana ndio kila kitu. Ikisugua kunja fenda maisha yaendelee, gari ikikaa nje kidogo inapendeza pia tusidanganyane 😂

mzee_wa_geji
Kaka usichukue kwanza. Kaa na kalamu tupige hesabu, maana watu wengi wanaangalia upana wa rimu halafu namba ya ofseti wanaiona kama pambo. Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu mpaka pale rimu inapokaa kwenye habu (kitovu inapofungwa rimu). Namba ikiwa kubwa rimu inaingia ndani kuelekea shokapu, ikiwa ndogo inatoka nje kuelekea fenda. Umetoka inchi 7 kwenda 9, hiyo ni inchi 2 zimeongezeka, inchi moja kila upande yaani mili 25.4. Halafu umeshuka kutoka 48 hadi 35, tofauti mili 13. Kwa hiyo nje rimu inatoka 25.4 jumlisha 13 = mili 38.4, ndani inasogea mili 12.4 tu. Karibu sentimita nne nje ya ilipokuwa! Hapo hukunji fenda, hapo unaivuta fenda nzima au unaweka fenda pana za kubandika.

Rimu hiyohiyo 17x9 ikiwa ofseti 42 nje inatoka 31.4 ndani 19.4. Ikiwa 45 nje 28.4 ndani 22.4. Gari yako inataka hapo kati ya 42 na 45, na hata hapo mbele utahitaji kuilaza tairi ndani kidogo.

kona_ya_tatu
Duh asante mzee, hii hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Kulaza unamaanisha kemba? Hiyo si inamaliza tairi upande wa ndani?

BintiPistoni
Mleta mada mabega ya nje yaliyoisha ndiyo jibu lenyewe. Gari ikilala kwenye kona tairi ya nje inasimama kwenye bega lake kwa sababu mbele hauna kemba karibu kabisa, kiwandani ni kama sifuri. Kabla ya rimu yoyote ungeanzia hapo, na utashangaa pua itakavyorudi. Kingine, hizi gari nyingi zilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP, tairi ileile waliyoiweka kwenye Prius 😅 makusudi, ili gari iteleze kidogo na dereva acheke. Kama bado una za aina hiyo, tairi nzuri laini za 225/45 juu ya rimu zako hizohizo za inchi 7 plus kemba digrii mbili na nusu mbele zitakupa zaidi ya hizo 255 za kubana kwa nguvu.

Kuhusu kuisha ndani, barabarani inayokula tairi sana ni tou (tairi kuelekea ndani au nje ukiitazama kutoka juu) ikikaa vibaya, kemba peke yake siyo mbaya hivyo. Piga alaimenti kila ukigusa chochote.

Spana14
Dada sasa unamrudisha inchi 7 wakati ameomba 9 😂😂

BintiPistoni
Ameomba ushauri siyo baraka.

mzee_wa_geji
Hapo dada kaongea. Ila nimwongezee kitu kwenye kemba kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Kuna njia mbili. Ukitumia bolti za kemba zile za chini pale shokapu inaposhikana na nakali (chuma kinachobeba habu), unainamisha nakali peke yake, shokapu inabaki palepale, kwa hiyo juu ya tairi inasogelea shokapu, kama ulikuwa na nafasi finyu ndani umeimaliza. Ukitumia bamba za juu za kurekebisha, shokapu na tairi vinalala pamoja, nafasi ya ndani haibadiliki na fenda unaipa pumzi. Kwenye tairi la kimo hiki kila digrii moja inavuta sehemu ya juu ndani kama mili 5. Ukitaka 9 pana nunua bamba.

Na hizo 255/40 ziache. 215/45R17 ina kimo cha mili 625, 245/40 ni 628, hakuna tofauti ya kuhisi. 255/40 inafika 636, unapandisha gia, spidomita inadanganya, na injini ya farasi 200 haina cha kugawa.

nati_ya_tano
Mimi nilifunga 17x9 ofseti 42 na 245/40 kwenye gari kama yako, bamba za juu, kemba digrii 3 mbele. Haisugui ila nilichofanya kabla ya kulipa niliazima rimu moja tu, nikatoa springi ya mbele, nikaifunga rimu na tairi, nikapandisha habu kwa jeki mpaka mwisho wa safari yake huku mtu anakata usukani kulia na kushoto. Dakika ishirini ukweli wote unauona, plastiki ya ndani inagusa wapi, fenda inagusa wapi. Kwenye kalipa (kile kibano cha breki) nilibandika vipande vya udongo wa kuchezea watoto, nikazungusha rimu, nikaangalia umebaki unene gani.

Halafu nati jamani. Hii gari stadi zake (bolti za habu zinazoingia nati) ni M12x1.25, yaani unene mili 12 na nafasi ya nyuzi mili 1.25, za kisubaru kwa sababu iliundwa pamoja na Subaru, siyo 1.5 kama Toyota nyingine nyingi, nati ya 1.5 ukilazimisha na impakti (mashine ya kukazia nati) unaua stadi. Na angalia kikalio cha nati, pale inapokaa kwenye rimu. Mimi fundi mmoja alinifungia nati za kikalio cha duara kwenye rimu za kikalio cha koni, nikatoka kipindi cha pili traki nasikia mtetemo nikadhani ni breki, kumbe nati mbili zinazunguka kwa vidole. Sijui niseme nini, nilikaa chini pembeni ya gari kama robo saa naangalia tu.

Funga kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), 120 Nm, kwa mtindo wa nyota, rudia kuangalia baada ya kilomita 50 na kila kipindi cha traki rimu zikishapoa.

mzee_wa_geji
Na tundu la katikati, habu yako ni 56.1. Rimu nyingi za kununua zina tundu la 73.1, weka ringi za habu za kuziba hilo pengo la sivyo utaitafuta balansi mpaka uzeeke.

kona_ya_tatu
Nimerudi wakuu. Nimepima leo, kutoka rimu ya sasa mpaka shokapu mbele nina mili 25. Kwa hiyo ofseti 42 inanibakishia kama tano na nusu na 45 inanibakishia mbili na nusu, sivyo? Jamaa wa ofseti 35 nimemwambia hapana, akaniambia basi nichukue nyingine anazo za ofseti 50 niweke na spesa (bamba la kusogeza rimu nje).

nati_ya_tano
Hesabu ni hiyo, na tairi nayo ina tumbo lake, kwa hiyo 45 isahau, chukua 42. Tafuta nyepesi, zile za kumiminwa kwenye kalibu za bei rahisi zingine nzito kuliko za kiwandani, beba moja ipime kwenye mizani. Spesa usiongee nazo.

BintiPistoni
Na rimu zikisubiri, badilisha mafuta ya breki uweke mapya ya kuhimili joto na pedi za traki. Tairi ikishika zaidi utakuwa unachelewa kukanyaga breki, joto lote linaenda huko.

kona_ya_tatu
Sawa dada. Nimeagiza bamba za juu na 225 kwanza, rimu za 42 nitazitafuta taratibu. Nikirudi traki naleta picha za mabega.

Spana14
Lete na za fenda, tuone kama imebaki.