Postikadi na flaya za mashua ya ami Shela, naomba mniangalizie kabla hazijaenda kuprintiwa

BintiShela
Wadau hamjambo. Ami yangu ana mashua ya tanga hapa Shela, anapeleka wageni Manda Toto kuogelea na jioni anawazungusha kutazama jua likizama. Sasa anataka vitu viwili, postikadi za kuuza madukani mjini Lamu na flaya za kuweka mapokezi ya hoteli, na kwa vile mimi ndio najua kucheza na simu basi kazi imeniangukia mimi. Nishatengeneza kitu kwa Canva, ile app ya kubuni kadi na matangazo. Picha ni tanga na jua nyuma yake, jina la mashua liko juu ya tanga kwa manjano na ile fonti ya mikogo ya kadi za harusi, chini kuna bei, saa za kuondoka, namba ya simu, namba ya watsap, vipicha vinne vya samaki na ramani. Kwa simu inapendeza wallahi, ila nikiipunguza iwe kama postikadi naona imejaa jaa tu. Na flaya je, niikuze hiyo hiyo au nianze upya? Tunaprinti Mombasa, zikija mbaya ndio zishakuja.

karatasi_tu
Anza upya dada, hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Postikadi mtu ananunua picha, atamtumia mamake Ujerumani au ataibandika kwenye friji, sasa nani abandike bei za ami yako kwenye friji? Mbele acha picha peke yake, ukitaka neno basi "Lamu" tu, pale kwenye anga patupu. Samaki watoe wote. Nyuma ndio unapiga mstari katikati, kushoto pa kuandika salamu, kulia anwani na stempu, halafu chini kabisa kwa herufi ndogo jina la mashua na namba. Ami ametangazika na kadi haijaharibika.

Hiyo manjano juu ya tanga lenye jua nyuma yake haitasomeka, mwangaza juu ya mwangaza. Geuza hiyo picha iwe nyeusi na nyeupe hapo hapo kwa simu uone, maandishi yakipotea ujue rangi zimekaribiana mno na karatasi haitakusaidia. Na fonti mbili zatosha, moja ya kichwa moja ya maelezo, ile ya harusi kama unaipenda sana basi iandike jina la mashua tu, namba ya simu usiiguse nayo, mtu atasoma 1 akadhani 7.

MzeeWaGilotini
Mwanangu mimi niko upande wa kukata, nikwambie ya huku kwetu. Postikadi ya A6 ni milimita 105 kwa 148 lakini faili lije 111 kwa 154, yaani ziada ya milimita 3 kila upande, na picha ifike mpaka huko nje. Sisi hatukati moja moja, tunakata rundo zima kwa mpigo na karatasi husogea kidogo chini ya kisu, sasa kama picha imeishia pale pale kwenye mstari utapata uzi mweupe ukingoni na utasema fundi mlevi. Maandishi nayo yarudi ndani, milimita 5 hivi kutoka ukingo.

Picha iwe 300 dpi, yaani vitone 300 kwa kila inchi, kwa saizi hiyo, ni kama pikseli 1311 kwa 1819 pamoja na ile ziada, simu nyingi za siku hizi zinatoa zaidi ya hapo. Taabu ni watsap, inabana picha ikitumwa kama picha, kwa hivyo faili zote tuma kama dokumenti na kazi yenyewe iwe PDF. Usitutumie skrinshoti, tafadhali.

Rangi nazo: simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inategemea mwanga wa chumba, na wino ni minne tu, sianu, majenta, manjano na nyeusi. Ile buluu ya bahari inayong'aa kwa simu haimo ndani ya hiyo minne, itakuja imetulia zaidi. Vivuli vya jioni navyo huzidi giza kwenye karatasi, punguza giza kidogo kabla ya kutuma. Na maandishi madogo yawe nyeusi tupu, yaani wino mmoja, yakiwa mchanganyiko wa minne na bati la kuchapia la wino mmoja likisogea kiduchu herufi zinakuwa na ukungu.

dada_wa_Malindi
Mimi hapa Malindi nakaa mapokezi kwa hivyo flaya nazijua zinavyoishi. Zinakaa kwenye kile kishikio cha mbao zimesimama, kinachoonekana ni theluthi ya juu tu, huko chini kote kumefichwa. Watu wanaweka logo kubwa juu na neno la safari chini, mgeni anapita tu. Chukua saizi ile ndefu, 99 kwa 210, ndio A4 ukiigawa tatu, juu kabisa andika safari yenyewe: mashua, Manda Toto, jua kuzama. Maneno yote yaanze kushoto kwenye mstari mmoja, ukiweka kila kitu katikati jicho halijui lirudi wapi.

Saa za kuondoka toa kabisa. Maji kupwa na kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku, leo saa tatu ni sawa, wiki ijayo saa hiyo hiyo mashua imekaa mchangani. Andika "uliza saa kulingana na maji", wageni wanalipenda hilo. Huku kwetu bila Kitaliano flaya haichukuliwi, ya huko kwenu utajua wewe.

BintiShela
Ahsanteni sana, nimeelewa. Za postikadi nazipiga laminesheni mbele na nyuma zisishike unyevu?

karatasi_tu
Nyuma usiguse, kalamu itateleza. Mbele tu, kadi nene ya gramu 300 au 350 kwa mita mraba.

MzeeWaGilotini
Hapo kaka nakupinga. Ukilamini upande mmoja, kwa hewa hii ya pwani, ule upande wazi unakunywa unyevu na kadi inajikunja kama papadi. Asilamini kabisa, achukue kadi yenye mng'aro mbele tu, nyuma kavu, ziko. Flaya gramu 130 au 150. Na ukae na sampuli moja mkononi kwenye karatasi yenyewe kabla hawajaprinti zote, mtu wa kuja Lamu kutoka Mombasa hakosekani.

BintiShela
Sawa mzee. Sasa taabu moja, ami ameng'ang'ania sura yake iwe kwenye flaya.

dada_wa_Malindi
Mwekee! Mgeni akifika gatini anatafuta sura aliyoiona, kuna vijana kumi wote wanamwita. Ila awe ameshika usukani na anatazama upande wa maandishi, akitazama nje ya karatasi mgeni naye anatazama huko.

BintiShela
Haya, kazi ni kumvua ile miwani ya jua.