Naomba ushauri: nisomee wapi ubingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo?

Habari za kazi, wakubwa zangu na wenzangu. Mimi ni daktari katika hospitali ya wilaya, na mwezi uliopita nilimpokea mzee ambaye kibofu chake kilikuwa kimejaa hadi karibu na kitovu. Mpira wa mkojo ulikataa kupita kwa sababu ya tezi dume, nikalazimika kuupitisha tumboni, kisha nikampa rufaa ya safari ndefu. Tangu siku hiyo nimeamua kusomea ubingwa huu.

Ninapima njia mbili: kusoma shahada ya uzamili katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, au kujiunga na COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambako mtu hufanya miaka 2 ya misingi ya upasuaji na 3 ya urolojia akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Jina la cheti si hoja yangu. Naomba waliopita huko wanieleze kwa uwazi: mwanafunzi huanza mwaka gani kushika mwenyewe kifaa cha kukwangua tezi dume kwa kamera, na bingwa husimama pembeni yake kwa muda gani kabla ya kumwachia? Je, nikirudi wilayani kusiko na kamera, nitakuwa nimefundishwa vya kutosha upasuaji wa kufungua?