Tupeane uzoefu: siku ya kwanza uliyofunga tanga mwenyewe

Ndugu zangu, naomba tusimuliane makosa tuliyoyafanya ufukweni kabla chombo hakijaelea, kwa kuwa naona wanaoanza hukimbilia usukani ilhali hawajui kufunga tanga.

Nianze na langu. Nilijifunza kwenye ngalawa ya mjomba wangu, Nungwi. Asubuhi ya kwanza aliyoniachia kazi, nilifunga henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, karibu mno na ncha ya mbele. Tulipotweka, upande wa nyuma, ambao ndio mrefu na mzito, ulilala badala ya kusimama, na tanga likajaa mikunjo. Mjomba hakusema neno. Aliteremsha foromali, akaipima kwa dhiraa juu ya mchanga, akafunga henza mbele kidogo tu ya katikati, kisha akakaza kamba ya goshi, ile inayovuta ncha ya mbele kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Mikunjo ikatoweka. Siku hizi foromali yangu ina alama ya rangi nyekundu mahali hapo.

Kutoka Lamu: Mimi niliponzwa na tanga jipya la pamba. Kwa pupa nililivuta kwenye foromali hadi dasi, ile kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga, ikakaza kama uzi wa gambusi, nikatoka nalo siku hiyohiyo katika upepo wa kusi. Pamba mpya huvutika. Baada ya siku chache ukingo wa tanga ulikuwa umerefuka na ukipepea muda wote, na haukurudi tena. Wazee walinieleza baadaye kwamba lingefungwa kwa kulegea kidogo, litumiwe kwanza katika upepo mwanana, na kukazwa polepole. Anayetumia turubai hana shida hiyo, ingawa mimi sipendi kelele zake.

Kutoka Mombasa: Sisi tuliojifunza kwenye mashua ndogo za kisasa hatuna foromali, bali tuna bumu, yaani mti unaolala chini ya tanga, ulioshikizwa kwenye mlingoti. Nilikaza vizuri kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga hadi kwenye ncha ya bumu, nikasahau ile inayotoka chini ya mlingoti kulizuia bumu lisipande. Tulipokwenda mbio na upepo ukitoka tezi, yaani nyuma ya chombo, bumu lilinyanyuka, sehemu ya juu ya tanga ikajipinda mbele, na mashua ikaanza kuyumba huku na huku. Nilipobabaika na usukani, upepo ukaingia nyuma ya tanga na bumu likavuka ghafla upande wa pili. Lilinipata juu ya sikio. Kabla ya kushuka majini sasa hulinyanyua bumu kwa mkono. Likipanda bila kizuizi, najua kuna kamba niliyoisahau.

Kutoka Tanga: Naomba kuuliza, demani, ile kamba ya kukazia na kulegezea tanga, ifungwe au ishikwe?

Jibu: Ishikwe, ndugu yangu. Izungushe mara moja kwenye mti ili mkono usichoke, lakini mwisho wake ubaki kiganjani. Mimi niliwahi kuifunga kwa fundo ili nipate nafasi ya kula muhogo, upepo ukaja wa ghafla, fundo likawa limelowa na halifunguki. Mjomba alilikata kwa kisu cha samaki, na hadi leo demani ya ngalawa ile ni fupi kwa pima moja.